Maswali ya wasomaji: Boila inawaka, maji ya moto yanasumbua

SWALI: Boila yetu ya gesi inapasha nyumba joto na pia inatoa maji ya moto ya kuogea, haina tangi. Rejeta, yaani zile paneli za kupasha vyumba joto, zinapata moto vizuri. Tatizo ni bombani: maji yanakuja ya moto, baada ya muda mfupi yanapoa, kisha moto unarudi, na mzunguko huo haukomi. Fundi anasema tununue vali ya kugeuza njia. Tukubali?

JIBU: Msinunue kabla ya kupima. Vali hiyo ndiyo inayoamua maji yaliyopashwa yaende kwenye rejeta au kwenye maji ya kuogea. Ikikwama katikati, kwa kawaida bomba hutoa maji ya uvuguvugu usiobadilika, na rejeta hupata joto hata kama upashaji wa nyumba umezimwa. Dalili mnayoieleza, moto-baridi-moto, mara nyingi hutoka kwenye kibadilisha joto: kile kisanduku cha mabamba membamba ya chuma cha pua ambamo maji ya rejeta hupita upande mmoja na maji ya bomba upande wa pili. Njia zake zikijaa ukoko, joto halihami. Maji ya ndani ya boila hupanda upesi hadi nyuzi 80 hivi, boila hujizima ili isiungue, na maji yakipoa huwaka tena.

Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Zimeni upashaji wa nyumba, subirini rejeta zipoe kabisa, kisha fungueni bomba la maji ya moto hadi mwisho kwa dakika tano. Shikeni paipu inayotoka kwenye boila kwenda kwenye rejeta. Ikipata moto, fundi ana haki, vali inavujisha. Ikibaki baridi huku mwali ukiwaka na kuzimika, shida ni kibadilisha joto. Kihisi joto nacho kinaweza kudanganya boila, kwa hiyo kipimwe kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kufungua chochote kikubwa: katika boila nyingi husoma karibu ohmu 10,000 kwenye nyuzi 25, na karibu 2,500 kwenye nyuzi 60. Linganisheni na kitabu cha boila yenu.

Sasa usafishaji. Kama kava la mbele ndilo linaloziba chumba cha moto, kazi hii ni ya fundi wa gesi mwenye leseni, wala msilifungue wenyewe. Fundi azime umeme kwenye swichi kuu, afunge koki ya gesi, koki ya maji baridi yanayoingia na koki mbili za rejeta. Boila ipoe, presha itolewe, na bodi ya umeme ifunikwe kwa plastiki, kwa sababu kibadilisha joto kikifunguliwa hakikosi kumwaga maji. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili tu na mipira minne ya kuzuia uvujaji.

Upande wa maji ya bomba adui ni chokaa. Koroga gramu 100 za unga wa asidi ya sitriki katika lita moja ya maji ya vuguvugu, jaza upande huo, acha nusu saa, mwaga, rudia mpaka povu likome, kisha suuza sana. Asidi ya betri au ya kusafishia choo isiguse chuma hicho, itakitoboa. Upande wa rejeta adui ni tope jeusi la kutu, na asidi ya sitriki hailiwezi vizuri. Likitoka jingi, nunueni kibadilisha joto kipya, lakini kwanza rejeta zisafishwe na chujio lenye sumaku lifungwe kwenye paipu ya kurudi. Bila hivyo hata kipya kitaziba. Mipira minne ibadilishwe kila mara na ipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya magari huivimbisha.

SWALI: Boila yangu ni ya aina hiyo hiyo. Jikoni maji ni ya moto safi. Nikioga, inazimika katikati na kunimwagia maji baridi. Je, pampu imekufa?

JIBU: Pampu ingekufa, hata jikoni usingepata kitu. Boila za aina hii haziwaki mpaka maji yapite kwa kasi fulani, kwa kawaida lita 2 hadi 3 kwa dakika. Weka jagi la lita moja chini ya bafu, upande wa moto peke yake. Likichukua zaidi ya sekunde 20 kujaa, umefika ukingoni. Fungua kichwa cha bafu ukiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha safisha chujio dogo lililo kwenye paipu ya maji baridi inayoingia kwenye boila.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Ukiweka boila kwenye nyuzi 60, unalazimika kuchanganya maji baridi mengi, na maji yanayopita kwenye boila yanapungua mpaka inazimika. Ishushe iwe nyuzi 45 hadi 50, uoge ukiwa umefungua upande wa moto karibu wote. Ushauri huu ni kwa boila isiyo na tangi tu. Maji yanayohifadhiwa kwenye tangi yabaki nyuzi 60, kwa sababu bakteria hatari huzaliana kwenye uvuguvugu.

Bado inazimika? Funga koki ya maji baridi ya boila, kisha fungua bomba la maji ya moto. Maji yanapaswa kukoma baada ya sekunde chache. Yakiendelea kutiririka, kuna bomba la kuchanganyia mahali fulani linalopitisha baridi upande wa moto.

SWALI: Msimu wa baridi maji yanakuwa vuguvugu tu, ingawa boila ya kilowati 24 ni mpya.

JIBU: Haijaharibika. Kilowati 24 hupandisha lita 10 hivi za maji kwa dakika kwa nyuzi 35. Ukifungua lita 15, zinapanda nyuzi 23 tu. Maji yakiingia yakiwa na nyuzi 10, yanatoka na 33. Punguza kasi kwenye koki ya kuingilia mpaka joto likuridhishe.

SWALI: Geji ya presha inapanda hadi bari 3 boila ikiwaka, asubuhi iko sifuri na maji ya moto hakuna.

JIBU: Tangi la upanuzi, chombo chenye hewa kinachopokea maji ya rejeta yanapopanuka kwa joto, limeisha hewa. Boila ikiwa baridi na presha ya maji imetolewa yote, bonyeza vali yake, inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, badilisha tangi. Ikitoka hewa, jaza hadi bari 1 au kama kitabu kinavyosema, kisha rudisha maji hadi bari 1.5. Lakini presha ikipanda hata boila ikiwa imezimwa, angalia kwanza koki ya kujazia maji upande wa rejeta. Kama imefungwa vizuri, kibadilisha joto kimetoboka na maji ya bomba yanaingia upande wa rejeta.