Futari ya mshahara wa kampuni iliyookolewa na serikali, ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mwanangu ni fundi kampuni moja kubwa Nairobi, ilikua yafa serikali ikailipia madeni. Ramadhani hii katuma pesa ya futari, nikampelekea kakangu sinia ya chakula akairudisha, asema hizo ni kodi zetu, haramu. Kijana wa hapa Langoni asema hamna ubaya, kampuni ni gharimu, yaani mwenye deni, yafaa hata kupewa zaka. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Waalaykumu salaam mama yangu. Swali lako limeniuma, sinia ya futari kurudishwa baina ya ndugu si jambo dogo.

Mshahara wa mwanao ni halali. Katoa jasho kalipwa ujira wake, basi. Kakako kama hataki kula asile, lakini asiharamishe alichohalalisha Allah.

Sasa huyo kijana. Aya ya 60 ya Surat Tawba, inayotaja wanaofaa kupewa zaka, kaisoma lakini kaipeleka siko. Gharimu ni mtu alolemewa na deni hana cha kulipia, si kampuni yenye majumba na wakurugenzi. Kwenye Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri kasimulia mtu alonunua matunda yakapatwa na maafa, deni likamzidi, Mtume (s.a.w.) akasema mpeni sadaka, watu wakatoa haikutosha, akawaambia wanaomdai chukueni mnachopata, hamna zaidi ya hicho. Yaani wadai nao walikula hasara! Leo wadai ni mabenki wataka walipwe mpaka riba, kwa kodi ya mama anaeuza mahamri, hao ndo gharimina?

Wengine wasema ni maslaha ya umma, kampuni ikifa kazi zapotea. Hilo sikatai. Lakini tazama yanayotendeka, Marekani 2008 walitenga dola bilioni 700 za kuokoa mabenki, na AIG, kampuni ya bima iliyookolewa, 2009 ikagawa bonasi dola milioni 165 kwa watu wa kitengo kile kile kilichoiangusha. Hapa kwetu kampuni ya sukari ya Mumias ilitiliwa pesa ya serikali si mara moja, 2019 ikaishia kwa mrasimu, msimamizi wa mali ya mdaiwa, alowekwa na benki, wakulima wa miwa wakabaki wakidai.

Sisi watu wa bahari twajua, jahazi likitaka kuzama hutoswa mzigo zipone roho, na fikihi yasema hivo hivo. Basi mzigo hapa ni hisa za wakubwa, marupurupu yao na hizo riba, vitoswe hivo kwanza, lakini wao watosa mabaharia mzigo wakauacha. Alokula faida ndo abebe hasara. Allah kasema, Surat Hashr aya ya 7, mali isiwe yazunguka baina ya matajiri tu. Mvuvi wa Shela kila lita ya petroli yake ina kodi na hakuna alomuuliza, injini yake ikifa nani atamwokoa?

Na mwanao mwambie kampuni ilookolewa leo kesho yaweza kuanguka tena, aweke akiba, apunguze mikopo, na asiibe saa za kazi, maana hizo ni mali ya umma, hapo ndo haramu itaingia kweli.

Leo magharibi peleka sinia kwa kakako mwenyewe kwa mkono wako, mwambie sheikh anakuja kufuturu hapo, na mkate wa mofa wa pesa ya kijana ntaumega mie kwanza.