Someni tamthilia kwa sauti, nakala moja watu wawili

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi na mume wangu tulikosana kwa sababu ya mtu aliyenyongwa mwaka 1905. Mume wangu ni Mngoni wa Songea. Kwao, kila tarehe 27 Februari wanawakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, walionyongwa pale mjini mwaka 1906. Kwake yeye, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mganga aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, wakaenda kufa. Mimi nilimwona kuwa mtu aliyewaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo na hata Wangoni wenyewe. Tulibishana mpaka wali ukapoa, tukalala tumepeana migongo.

Kesho yake nikatoa kabatini Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, nakala yangu ya shule iliyoshikiliwa na selotepu.

Nanyi mnaovutana na wapenzi wenu juu ya siasa za zamani, jaribuni hivi. Msikimbilie hotuba. Anzeni pale mwanzo, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda wanapozungumza jinsi chakula kilivyoadimika huku waume zao wakitumikishwa kwenye shamba la pamba la mkoloni. Mume wangu alimsoma Bi Kitunda kwa ile sauti yake nzito, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyopunguza mwendo. Pamba ya kulazimishwa ilikuwa njaa jikoni, na hilo hulisikii vizuri mpaka ulitamke mwenyewe.

Kisha, na hili ndilo kubwa, kila mmoja amsome yule asiyemkubali. Nilimwachia Kinjeketile, mimi nikamchukua Kitunda, mume wa Bi Kitunda. Mwishoni wako kifungoni, wameteswa, na Kitunda anamsihi mwenzake aseme maji yalikuwa uongo ili mateso yaishe. Nilimsihi kwa moyo wote. Nilitaka akubali, apone. Yule aliyemwita mwongo juzi yake akakataa. Akanyamaza katikati ya mstari, akaweka kidole ukurasani asipoteze mahali, akameza mate, akaendelea kukataa.

Msikatize kusoma ili mbishane, ubishi utangoja. Na nakala iwe moja tu, mbanane.

Kuhusu yale maji hatujakubaliana hadi leo. Lakini Februari iliyofuata nilikwenda naye Songea, na ndani ya basi, tulipoipita Njombe, akanisimulia kwa mara ya kwanza tangu tuoane habari za babu wa babu yake, aliyekwenda vitani asirudi.