Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Namba 7 Haifunikwi Kamwe?

Barua tulizozichagua safari hii zinalalamikia jambo moja: mchezo upo na watoto wanaufurahia, ila hesabu yenyewe haionekani. Mara nyingi kasoro haiko kwa watoto. Iko kwenye namba zilizochaguliwa, au kwenye kanuni moja ndogo iliyosahaulika.

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la tatu huchora kadi yenye miraba 9 na kuijaza namba wanazopenda kati ya 1 na 36. Narusha dadu mbili, wanazidisha, na mwenye jawabu hilo anaufunika mraba kwa kizibo. Mchezo hauishi! Kuna watoto hawafuniki hata mraba mmoja.

JIBU: Dadu mbili za kawaida zina jozi 36, lakini majawabu tofauti ya kuzidisha ni 18 tu: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12, 15, 16, 18, 20, 24, 25, 30 na 36. Zilizobaki hazitoki hata mkirusha mpaka jioni. Aliyeandika 7, 14 na 21 anangojea upande wa saba, na dadu haina upande huo.

Usikimbilie kuwaandikia orodha hiyo ubaoni. Waache wacheze na kasoro yake kwa dakika kumi, kisha uliza: namba ipi mtu asiandike kabisa, na kwa nini? Watataja 7, watafuata 11 na 13, halafu mmoja atasema 14 nayo haifai kwa sababu ni 2 mara 7. Hapo wameanza kuzungumzia vigawo bila wewe kulitaja neno. Swali la pili: ipi inatoka mara nyingi? Namba 6 na 12 zina njia 4 kila moja katika zile 36, na 4 ina njia 3. Namba 1, 9, 16, 25 na 36 zina njia moja moja. Wape kadi mpya, uone watakavyozijaza safari hii.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha. Taja dadu tu, “nne na sita”, usitaje jawabu. Na anayefunika aandike kwanza 4 × 6 ndani ya mraba, la sivyo atafunika kwa kumtazama jirani. Pia dadu za kawaida hazigusi jedwali la 7, 8 na 9, ambalo ndilo gumu. Bandika karatasi juu ya pande za dadu zote mbili na uandike 4 hadi 9. Mtapata majawabu 20 tofauti, na 36 peke yake itapatikana kwa jozi mbili tofauti: 4 × 9 na 6 × 6.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la kwanza. Hata 7 + 3 anahesabu kwa vidole. Tumejaribu mchezo wa kadi zilizofunikwa, anafunua mbili akitafuta zinazofikisha 10, lakini haumsaidii.

JIBU: Mchezo huo wa kufunika kadi unapima kumbukumbu ya mahali kadi ilipo. Mtoto anaweza kushinda kwa kukumbuka kona bila kujumlisha chochote. Zifunue kadi zote. Tengeneza seti mbili za 0 hadi 10, jumla kadi 22. Ukiwa na seti moja, 5 itakosa mwenzake na mtoto atadhani amekosea. Zitandaze mezani, mchukue jozi kwa zamu, na kila anayechukua aseme kwa sauti: “Saba na tatu, kumi.” Zikiisha mtakuwa na jozi 11.

Vidole usivikataze. Mtoto huviacha akipata picha nyingine ya namba kichwani. Chora miraba 10 katika mistari miwili ya mitano mitano, uweke vizibo 7 ukijaza mstari wa juu kwanza. Sasa 7 inaonekana kama tano na mbili, na nafasi tatu tupu ziko wazi. Mwonyeshe mara moja, funika, uliza: “Ngapi zimebaki tupu?” Dakika tano kila siku zinatosha. Akianza kujibu kabla kidole hakijasogea, fanya vivyo hivyo kwa 8 na 9, kisha rudini kwenye kadi.

SWALI: Nawapa darasa la tano fumbo la mraba wa ajabu: panga 1 hadi 9 kwenye miraba 9 ili kila mstari wa kulala, wa kusimama na wa mshazari ulete jumla moja. Wanabahatisha nusu saa, wanafuta hadi daftari linachanika. Niwaonyeshe jibu?

JIBU: Hapana. Wape njia ya kulifikia. Kwanza ondoa kalamu na kifutio: kila jozi ya wanafunzi ikate vipande 9 vya karatasi vyenye namba, waweze kuvisogeza.

Kisha uliza jumla ya 1 hadi 9. Ni 45. Mistari mitatu ya kulala inagawana 45 hiyo sawasawa, kwa hiyo kila mstari ni 15. Watoto wengi hubahatisha kwa sababu hawajui hata wanalenga jumla gani.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utamu, na walimu wengi huiruka. Waorodheshe namba tatu tofauti zinazoleta 15. Ziko njia 8 tu: 1+5+9, 1+6+8, 2+4+9, 2+5+8, 2+6+7, 3+4+8, 3+5+7 na 4+5+6. Kundi likileta njia 9, limerudia moja kwa mpangilio tofauti. Likileta 7, liambie lianze na 1, limalize zote, ndipo liende kwenye 2. Sasa wahesabu kila namba imetokea mara ngapi. Namba 5 imetokea mara 4. Shufwa 2, 4, 6 na 8 mara 3 kila moja. Witiri 1, 3, 7 na 9 mara 2.

Warudi kwenye mraba. Nafasi ya katikati imo kwenye mistari 4, kila kona kwenye mistari 3, na kila nafasi ya pembeni kati ya kona kwenye mistari 2. Basi 5 haina pengine pa kukaa isipokuwa katikati, na shufwa zinakwenda kwenye kona. Jibu mojawapo ni hili:

2 7 6
9 5 1
4 3 8

Makundi yataleta majibu yanayoonekana kutofautiana na kugombana nani yuko sahihi. Wote wako sahihi. Majibu ni 8, na yote ni mraba huuhuu uliozungushwa au kugeuzwa kama kwenye kioo. Wanaomaliza mapema waulize: tukiongeza 4 kwa kila namba, jumla ya mstari itakuwa ngapi? (27.) Tukizidisha kila namba kwa 3? (45.) Au wacheze wawili wawili: vipande 9 viko mezani, kila mmoja anachukua kimoja kwa zamu, wa kwanza kuwa na vitatu vinavyoleta 15 ameshinda. Ni mchezo wa X na O uliojificha ndani ya mraba huo, lakini usiwaambie mapema.

SWALI: Tunacheza “nani atafika 20”: kila mmoja kwa zamu anaongeza 1 au 2. Mtoto mmoja anawashinda wenzake wote, sasa wamekataa kucheza naye.

JIBU: Ameshagundua ngazi: 2, 5, 8, 11, 14, 17, 20. Anayeanza kwa kusema 2, kisha kila mara akakamilisha 3 pamoja na mwenzake (akiongeza 1 yeye anaongeza 2, na kinyume chake), hashindwi. Mpe kazi mpya: badilisha lengo liwe 21, umwache aanze. Akikutana na mwenzake anayeijua ngazi atashindwa, kwa sababu 21 inagawanyika kwa 3 bila baki na sasa anayecheza wa pili ndiye mwenye faida. Halafu ruhusu kuongeza 1, 2 au 3; ngazi inakuwa ya nne nne. Kabla ya kila raundi kila mtoto aandike anadhani nani atashinda na kwa nini. Wanaocheza bila kuandika hukaa wiki nzima bila kuigundua ngazi.

SWALI: Kuna mchezo wa kutoa usiochosha? Wanachukia kukopa.

JIBU: Jaribuni ule wa 6174, uliogunduliwa na mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar. Chagua tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa, mfano 3524. Panga kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa: 5432 − 2345 = 3087. Rudia kwa jibu: 8730 − 0378 = 8352; kisha 8532 − 2358 = 6174. Hapo inakwama, na hakuna namba inayozidi hatua 7. Kosa la kawaida ni kuiacha sifuri: 2111 − 1112 ni 0999, na asiyeandika sifuri hiyo atapata 999 − 999 na kuishia 0. Asipofika ndani ya hatua 7 amekosea kutoa mahali fulani, na atalitafuta kosa mwenyewe bila kusubiri kalamu yako nyekundu.