Fundi Anajibu: Dishi la kwenye Coaster

SWALI: Habari fundi. Nilinunua Coaster chakavu nikatoa siti, nikaweka kitanda, jiko la gesi na tivii ya inchi 32, wikiendi mimi na mama watoto tunaenda kulala Ushongo kule Pangani. Dishi la Azam nimelifunga kwa nati juu ya bodi. Nikipaki nyumbani hapa Raskazone picha safi kabisa ila nikifika Ushongo hakuna sigino, Coastal Union wanacheza mi nasikiliza redio. Dishi bovu au?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mgosi, hongera kwa gari, ila hapo kwenye kufunga juu ya bodi ndipo ulipojiponza. Dishi zima. Nyumbani unapaki palepale kila siku, pua ya gari upande uleule, kwahiyo linaona, Ushongo umegeuza gari liangalie bahari, tairi moja limezama mchangani, hapo dishi linaangalia kusikojulikana. Likipinda nyuzi mbili tatu tu picha kwisha, na hata ungelilenga vizuri mama akitembea ndani gari linayumba.

Lishushe. Tafuta stendi ya miguu mitatu uweke chini na waya mrefu kidogo, miguu uikandamize na madumu ya maji maana upepo wa kusi hauna adabu, mlingoti upimwe na pima maji usimame wima. Sateliti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki juu ya ikweta, kwahiyo ukiwa Pangani au Tanga unalenga magharibi, kaskazini kidogo tu, na juu kama nyuzi 52. Dira ya simu tumia ila ondoka karibu na gari, bati linaidanganya. Halafu sogeza polepole, sentimita moja, subiri king'amuzi kisome, sogeza tena, na angalia mstari wa kwoliti, yaani ubora wa sigino, sio ule wa nguvu, nguvu inaweza kujaa na picha usiione. LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, nayo ikaze kama ilivyokuwa nyumbani, usiizungushe ovyo.

Sasa minazi. Huyo ndiye adui wako mkubwa, kuliko hata mvua. Kuna mbinu naipenda, mwezi wa tatu na wa tisa jua la kama saa tisa alasiri linapita karibu kabisa na ilipo sateliti, ukisimama pale unapotaka kuweka dishi ukaona uko kwenye kivuli cha mnazi basi hama, hapo hupati kitu. Miezi mingine jua linahama kaskazini au kusini kwahiyo usilitegemee sana. Wenye DStv wana nafuu, yao iko nyuzi 36 mashariki, kwetu huku iko karibu utosini.

Umeme hukuuliza ila nakwambia tu, tivii na king'amuzi zinakula kama wati 60, betri ya 100Ah ya maji usiimalize zaidi ya nusu, ukitoa na inayoliwa na inveta utaangalia kama masaa nane. Iwe betri ya pembeni, sio ya kuwashia gari, utakuja kusukuma Coaster mchangani saa nne usiku.

Na zile koneka za nje zipake grisi uzifunge na tepu, chumvi ya bahari inazila ndani ya miezi michache tu.