Re: Corolla 110 tairi la mbele kushoto linachemka, ninunue kalipa?

Mkuu umesema rimu ya mbele kushoto haishikiki kwa moto na gari inavuta upande huo, fundi kakwambia nunua kalipa zote mbili (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski). Usikimbilie dukani. Fungua kalipa kwanza ucheki zile pini mbili za kuslaidi, ambazo kalipa inateleza juu yake, kwenye hizi gari za zamani mara nyingi pini ndo imeganda na kutu maana raba zake zilishachanika kitambo na kila fundi anayebadilisha pedi anapita tu hana habari. Zikitoka zisafishe, weka raba mpya na grisi ya silikoni ya breki, sio ile ya beringi, ile inavimbisha raba unarudi palepale. Kama pistoni ya ndani ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ndo ina kutu ya vishimo hapo sawa nunua. Na mpira wa breki, ule mrija unaopeleka oili ya breki kwenye kalipa, pia uucheki, ukizeeka unaziba kwa ndani, oili inaenda hairudi, mie nishawahi kubadili kalipa bure kumbe mpira.

Wakati wa kufunga weka washa (vile viringi) mpya za kopa kwenye bolti ya mpira wa breki, vibati vya pedi vipya kama vya zamani vimelegea, na nipeli ya kutolea upepo iwe JUU. Ukiona iko chini ujue kalipa ya kulia imefungwa kushoto, upepo hautoki hata upampu mpaka jioni.

Oili ya breki weka aina ya DOT 3, usichanganye na DOT 5. Halafu kabla hujatoa gari pampu pedali mpaka iwe ngumu, mie nilisahau nikaenda kugonga geti la mwenye nyumba 😅