Tuzime simu usiku kwa ajili ya jua? Maswali yenu na majibu

Safari hii maswali yenu karibu yote ni ya jua. Wengine mmeandika kwa hofu, wengine mna hamu tu ya kujua, basi nimeona safu nzima niwaachie nyinyi, wa mambo mengine mnivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Habari yako kaka. Kwenye grupu la familia limetumwa tangazo kwamba leo usiku kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu jua litatoa mionzi mikali sana, tuzime simu na tuziweke mbali na mwili. Mama amezima yake ameiweka kabatini, hataki hata kuigusa. Ni kweli? (Binti kitinda mimba)

JIBU: Dada yangu, mwambie mama aitoe kabatini aiwashe alale kwa amani, ule ujumbe ni wa uongo. Nimeuona miaka na miaka, unavalishwa nguo mpya tu, mara mionzi inatoka Mars mara inatoka kwenye jua, mara wamebandika jina la NASA ili uonekane wa maana, lakini saa ni zilezile, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, alafu hauna tarehe, unasema "leo usiku", kwa hiyo hata ukitumwa mwakani bado itakuwa leo usiku.

Sasa hebu angalieni hizo saa. Saa saba usiku jua liko wapi? Liko upande wa pili wa dunia. Jua likilipuka linatoa eksirei na miale mikali kabisa ya urujuanimno kwa wingi, na miale hiyo inapiga upande wenye mchana tu, haiwezi kupenya dunia nzima ikakufuata kitandani. Na hao wenye mchana nao haiwafikii, hewa inaimeza yote ikiwa bado zaidi ya kilometa 60 juu ya vichwa vyao. Wataalamu wanaipanga milipuko kwa herufi, A, B, C, M na X, kila herufi ni mara 10 ya ile iliyotangulia na X ndo kubwa kuliko zote. Mlipuko wa X1, ambao tayari unatangazwa kwenye habari, unaleta eksirei za wati 0.0001 kwa kila mita ya mraba huko juu nje ya hewa. Mwanga wa jua wa siku zote, huu tunaoanikia nguo, huko huko juu ni kama wati 1,361 kwa mita ya mraba. Ukizilinganisha hizo namba mbili utaona mwenyewe, simu ya mama haiguswi na chochote, na mwili wake pia.

Kinachoniuma kwenye hizi meseji ni kwamba simu ya usiku ndo ya kuitia msaada. Mtoto kapandisha homa saa nane, ndugu anapiga na kupiga, simu haipatikani, kisa ujumbe ambao hata aliyeuforwadi hakuusoma mpaka mwisho. Kwa hiyo dada usiishie kwa mama, rudi kwenye grupu uandike wazi kwamba sio kweli, kwa adabu lakini uandike.

SWALI: Mwanangu, mimi nasikiliza redio ya masafa mafupi tangu ujana wangu. Juzi mchana kweupe stesheni zote zilipotea kwa pamoja, kimya kabisa, nikadhani redio imekufa nikabadilisha mpaka betri. Baada ya kama nusu saa zikaanza kurudi moja moja. Kijana mmoja kaniambia eti ni jua. Jua linaingiaje kwenye redio yangu? (Mzee wa redio)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Redio yako nzima, na huyo kijana naona amesema kweli. Masafa mafupi yanafika mbali kwa sababu mawimbi yanapanda juu, yanagonga tabaka la ionosfia, yaani hewa yenye chaji za umeme, kama kilometa 250 au 300 huko, alafu yanarudishwa chini ng'ambo ya bahari. Lakini njiani, kati ya kilometa 60 na 90, kuna tabaka lingine la chini linalokuwepo mchana tu. Siku za kawaida linapunguza nguvu ya mawimbi kidogo tu. Jua likilipuka, zile eksirei zinafika ndani ya dakika 8 na kitu, sawa na mwanga wenyewe, tabaka hilo linanenepa ghafla, na wimbi la redio linamezwa pale kabla halijafika kule juu linakorudishwa. Ndo maana ilikuwa kimya tu, hata mikwaruzo ya kawaida ilipungua.

Kilichonifanya nimuamini kijana ni hilo neno lako, zilirudi moja moja. Ingekuwa ubovu wa redio zingerudi zote kwa pamoja au zisirudi kabisa. Mlipuko ukipoa masafa ya juu yanafunguka mwanzo na ya chini yanakuja mwisho, kwa hiyo siku nyingine ikitokea hivyo usikimbilie bisibisi mzee wangu, peleka mshale juu kwenye megahezi 15, 17 hata 21, subiri hapo, huko ndo utasikia sauti ya kwanza.

Na tusione ni starehe za wasikilizaji tu. Tarehe 6 Septemba 2017 jua lilitoa mlipuko wa X9.3, na ndo kipindi kimbunga Irma kilikuwa kinapiga visiwa vya Karibi. Waendesha redio za ridhaa waliokuwa wanapashana habari za kimbunga mawasiliano yao yakavurugika kwa masaa, siku ambayo kila neno lilikuwa linahitajika.

SWALI: Bro, mlipuko wa jua na dhoruba ya jua ni kitu kimoja? Na je umeme unaweza kukatika kabisa? Mimi ni fundi umeme nataka kuelewa inatokeaje, sio kuambiwa tu inatokea.

JIBU: Fundi, hapa ndo wengi tunachanganya, hata magazeti. Mlipuko ni mwanga, unafika kwa dakika 8 na kazi yake nimeshaieleza kwa mzee. Dhoruba inaletwa na kitu kingine ambacho mara nyingi kinafuatana na mlipuko lakini sio lazima, ni wingu zito la plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, mabilioni ya tani, linarushwa kutoka kwenye jua likiwa limebeba sumaku yake lenyewe. Hilo linatembea. Likiwa na kasi ya ajabu linafika chini ya siku moja, kwa kawaida ni siku moja mpaka tatu au zaidi, na mara nyingi linapita pembeni halitugusi. Julai 2012 lilitoka wingu kubwa mno, likaelekea upande ambao dunia haikuwepo, likapiga chombo cha angani kinachoitwa STEREO-A ambacho kikalipima vizuri tu.

Likitupata, jambo la kwanza la kuuliza ni sumaku yake imeelekea wapi. Ikielekea kaskazini, sawa na ya dunia, tunasalimika kwa kiasi kikubwa. Ikielekea kusini zinashikana, na sumaku ya dunia inaanza kutikisika. Wewe fundi unajua sumaku ikichezacheza karibu na waya kinachotokea, ndo jenereta yenyewe hiyo. Sasa hapa sumaku ni dunia nzima na waya ni laini ya msongo mkubwa ya kilometa mia na mia. Umeme unaoingia humo unabadilika polepole mno, kwa transfoma ni kama wa moja kwa moja, wa betri, na transfoma imetengenezwa kwa umeme wa kwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde. Kiini chake cha chuma kinashiba sumaku upande mmoja, inaanza kuvuma sauti isiyo yake, inapata joto sehemu zisizotakiwa, na voltiji ya laini inayumba mpaka vikinga vinakata.

Hicho ndo kilichowapata Quebec, Kanada, usiku wa tarehe 13 Machi 1989. Gridi nzima ilianguka kwa kama sekunde 90. Watu milioni 6 gizani, masaa 9. Chini ya Quebec kuna mwamba mgumu wa kale ambao haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo ukatafuta njia rahisi na njia rahisi ilikuwa ni nyaya. Alafu tusidhani ni mambo ya nchi za baridi peke yake, baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003 transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini zilikutwa zimeharibika ndani, na wahandisi waliozichunguza wakahusisha na dhoruba zile. Hazikulipuka siku ile. Ziliendelea kufa taratibu kwa miezi.

Ile kubwa inayotajwa kila siku ni ya 1859. Tarehe 1 Septemba Mwingereza Richard Carrington alikuwa anachora madoa ya jua, yale mabaka meusi usoni mwake, akaona mwanga mweupe umewaka juu ya madoa yale kwa dakika chache, na baada ya masaa 17 na kitu wingu likawa limefika. Wakati ule nyaya ndefu zilikuwa za telegrafu tu. Waendeshaji wengine walipigwa shoti, karatasi zikashika moto, na kati ya Boston na Portland kule Marekani jamaa walichomoa betri kabisa wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme uliokuwa unatoka angani, kama masaa mawili hivi. Mimi hiyo habari kila nikiisoma nywele zinasimama.

Nyaya za nyumbani kwako hazina urefu wa kutosha kupata shida hiyo, simu ndo kabisa. Ila simu bila gridi na bila mnara ni tochi, na tochi yenyewe mpaka chaji iishe. Ndo maana setilaiti za kuangalia dhoruba hizi zimewekwa kilometa milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea kwenye jua, wingu likizipita tunapata onyo la kati ya dakika 15 na saa moja hivi, waendesha gridi wapunguze mzigo kwenye laini ndefu na waahirishe matengenezo. Nchi yoyote yenye gridi inabidi iwe na mtu anayepokea onyo hilo na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua saa hiyo hiyo, sio mpaka asubuhi bosi afike.

SWALI: Je milipuko ya jua inaleta matetemeko ya ardhi? Na hili joto la siku hizi je?

JIBU: Hapana, na hapana. Matetemeko yanatokana na miamba inayosukumana chini ya ardhi, watu wametafuta uhusiano na jua miaka mingi hawakuupata. Joto, rudi kwenye zile wati nilizomwandikia binti hapo juu, za mlipuko si kitu mbele ya zile 1,361 za kila siku.

SWALI: Mimi ni mpima ardhi, nafanya kazi maeneo ya karibu na Ikweta. Mchana GPS yangu iko safi, jua likizama tu baadhi ya siku vipimo vinaanza kuruka, mara setilaiti zinapotea. Nimeshabadilisha antena. Nako kuna mkono wa jua?

JIBU: Upo ndugu yangu, na antena umeionea. Ukanda wa Ikweta una tabia yake. Mchana kutwa jua linaichaji ionosfia, likizama tabaka la chini linapungua haraka, la juu linabaki zito, basi sehemu nyepesi za chini zinapanda kama mapovu kwenye maji yanayochemka. Ishara ya GPS ikipita katikati ya mapovu hayo inametameta kama nyota inavyometameta, na mashine yako inashindwa kuishika. Inazidi miaka ambayo jua liko kileleni, yaani madoa na milipuko yake ni mingi, na Oktoba 2024 NASA na NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, walitangaza kwamba tumeshaingia kipindi cha kilele, kwa hiyo miaka ya karibuni lazima uione sana. Sehemu nyingi inakuwa mbaya zaidi miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba.

Dawa ni ratiba. Pointi za maana, za mipaka ambayo watu watakuja kugombana, zimalize kabla magharibi haijaingia, usiku ukilazimika kaa kwenye pointi muda mrefu na uirudie kesho yake mchana. Mei 2024 ilipokuja dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, wakulima Marekani wenye trekta zinazojiendesha kwa GPS walisimamisha kupanda, maana mistari ilikuwa inahama.

SWALI: Niko sekondari. Nataka kuyaona hayo madoa ya jua kwa macho yangu, nifanyeje nisipofuke?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza usiliangalie jua moja kwa moja, wala kwa miwani ya kawaida, wala kioo kilichofukizwa moshi, wala filamu ya eksirei ya hospitali, wala kwenye beseni la maji. Jicho linaungua ndani bila kuuma, hutajua mpaka baadaye. Kuna miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ISO 12312-2, hiyo ikiwa haina mkwaruzo wala tundu unaweza kutazama kwa muda mfupi, na doa likiwa kubwa kama lile la Mei 2024 unaliona kabisa bila darubini.

Njia nzuri zaidi ni karatasi. Funga darubini ndogo ya macho mawili kwenye stendi, ziba upande mmoja, ielekeze kwenye jua kwa kufuata kivuli chake na sio kwa kuchungulia, weka karatasi nyeupe nyuma yake kama sentimeta 30. Litatokea duara la mwanga, na ndani yake vidoa vyeusi. Usimuache mtoto karibu nayo hata dakika moja. Vidoa ni vyeusi kwa sababu vina ubaridi kidogo, kama nyuzi 3,500 wakati jirani yake ni 5,500, na hapo ndo sumaku ya jua imejikunja na ndo milipuko inakotokea.

Chora kwa penseli, kila siku saa ile ile. Utaona doa linatembea, kama wiki mbili linavuka uso wote linapotelea ukingoni, maana jua linazunguka. Mfamasia mmoja wa Ujerumani, Heinrich Schwabe, alianza hivyo hivyo 1826, alikuwa anatafuta sayari ambayo alidhani iko karibu na jua. Sayari hakuipata, ila alichora miaka 17 na mwaka 1843 akatangaza kwamba madoa yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko, ambao leo tunajua ni wa kama miaka 11. Wewe anza na doa moja na uandike tarehe na saa pembeni ya kila mchoro, ukifikisha wiki mbili nitumie tuichapishe hapa.