Vikundi vya Sylow: angalia kipeo kabla ya kuhesabu memba

Swali la mtihani: onyesha kuwa hakuna kundi sahili lenye memba 56. Kundi ni seti yenye kanuni ya kuzidisha memba wake, e ni memba asiyebadilisha kitu akizidishwa, na kikundi ni kundi dogo ndani yake. Kundi sahili halina kikundi nomali (kisichobadilika ukikigeuza P kuwa gPg⁻¹ kwa memba yeyote g) ila e peke yake na kundi zima. Wengi hukimbilia kuhesabu memba, na hapa wanapata. Balaa huja wakiletewa 36 wakahesabu vilevile.

Tuanze na 56 = 2³ × 7. Ludwig Sylow, mwalimu wa sekondari wa Norwei, alionyesha mwaka 1872 kwamba idadi ya vikundi vyenye memba 7 (vikundi vya Sylow: ukubwa wake ni namba tasa kwa kipeo chake chote, hapa 7¹), tuiite n₇, lazima iigawe 8, na ukiigawa kwa 7 ibaki 1. Kwa hiyo ni 1 au 8. (Ukiandika 15 au 22, umeangalia baki ukasahau sharti la kwanza.) Ikiwa 1, kikundi hicho ni nomali na kazi imekwisha. Ikiwa 8, kila kimoja kina memba 6 mbali na e, na hakuna viwili vinavyoshirikiana memba hao: 8 × 6 = 48. Wanabaki 8, wanaotosha kikundi kimoja tu cha memba 8. Nacho ni nomali.

Kwa nini hawashirikiani? Makutano ya vikundi viwili ni kikundi, na ukubwa wake lazima uigawe 7. Namba tasa haina kigawo cha katikati. Lakini 9 inacho: 3.

Sasa 36 = 2² × 3². n₃, idadi ya vikundi vya memba 9, ni 1 au 4. Ikiwa 4, mwanafunzi huandika 4 × 8 = 32, wanabaki 4, kwisha. Jibu ni sahihi, hoja mbovu. Chukua A₄ × C₃ (A₄ ni kundi la mipangilio shufwa ya vitu vinne, lenye memba 12; C₃ ni kundi la mzunguko la memba 3): vikundi vyake vinne vya memba 9 vyote vimebeba C₃ ileile, kwa hiyo kwa pamoja vina memba 27, si 33 ukijumlisha e. Tena hiyo 32 haitokei katika kundi lolote la memba 36.

Fanya hivi: kila memba g huvihamisha vile vikundi vinne kwa kukigeuza kila P kuwa gPg⁻¹. Mipangilio ya vitu vinne ni 24 tu, memba ni 36, kwa hiyo wapo wengine zaidi ya e wasiohamisha chochote. Hao ni kikundi nomali. Usisahau kuandika kwamba si kundi zima, maana vikundi vya Sylow vya namba tasa moja huhamishiana. Sentensi hiyo ndiyo huangusha alama.

Kwa 24 njia ni ileile: n₂, idadi ya vikundi vya memba 8, ikiwa 3, mipangilio ni 6 tu.